Tupeane uzoefu: nini kilikufanya uhame kivinjari?

Mpambanaji wa Sinza: Wakuu, habari za jioni. Jana nimehamia Firefox, nimeachana na brauza iliyokuja na simu. Nilitafuta mara moja tu dawa ya bawasiri, basi wiki nzima matangazo ya bawasiri, hadi namwonyesha mwanangu matokeo ya mechi yamo. Nani mwingine kahama?

Kinyozi_Mwz: Mimi. Kwangu ilikuwa mikopo ya mtandaoni.

Mama Wawili: Umenitonesha kidonda, kaka. Mwaka jana nilikwenda steshenari kutuma maombi ya kazi. Foleni nyuma yangu, kijana wa duka ananiharakisha. Nimeingia kwenye imeli, brauza ikaniuliza kama niwashe usawazishaji, yaani ninayotafuta kwenye simu yaonekane na kwenye kompyuta, nikabonyeza ndiyo. Nikachapisha vyeti, nikalipa, nikaondoka. Akaunti nimeiacha wazi.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi miwili na damu inatoka. Aliyejua ni mume wangu tu, hata mama sikumwambia. Usiku nasoma kwenye simu, kumbe kila ninachotafuta kinatua kwenye ile kompyuta. Wiki tatu baadaye nimerudi kutoa kopi, yule kijana ananiuliza mbele za watu: "Pole dada, ile damu ilikata?"

Ilikata. Mimba ilishatoka. Nilishindwa kumjibu, nikaacha kopi zangu pale pale.

Sasa natumia brauza ya Brave, na steshenari naenda na flashi tu.

Kinyozi_Mwz: Pole sana mama.

Chakubanga: Ungetumia ile hali fiche (Incognito) yenye alama ya kofia na miwani, yasingekukuta.

Fundi Ngarenaro: Kwa kompyuta ya duka ingemsaidia kweli, ukifunga dirisha inasahau. Ila haikufichi kwa tovuti wala kwa kampuni ya simu. Google, wenye brauza ya Chrome, walishtakiwa Marekani 2020 kwa hilo hilo, na 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watumiaji. Na mama, kilichokuponza ni usawazishaji. Hata Firefox ungeuwasha, yangekuwa yale yale.

Mama Wawili: Najua nilibonyeza mwenyewe, Fundi. Lakini "ndiyo" ilikuwa kubwa, ya buluu, "hapana" imejibanza pembeni. Nani aliyeipanga hivyo?

Chakubanga: Na hiyo Brave 2020 ilikutwa inachomeka viungo vinavyowaingizia wao kamisheni ukiandika anwani za tovuti za sarafu za kidijitali. Wakakiri kosa. Bora Firefox.

Mpambanaji wa Sinza: Firefox nayo sehemu kubwa ya hela yake inatoka Google!

Chakubanga: Kulipwa si kupeleleza. Usichanganye mambo.

Binti Pangani: Opera Mini jamani, inabana bando.

Fundi Ngarenaro: Inabana kwa sababu kurasa zinapitia kwenye seva zao kwanza.

Mzee wa Kitochi: Nunueni kitochi, mlale.

Fundi Ngarenaro: Kabla hamjahama, ingieni kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya vifaa. Usichokijua, kiondoe, kisha badili nywila.

Kinyozi_Mwz: Nimeangalia sasa hivi. Kompyuta ya ofisi niliyoacha kazi mwezi wa tatu bado imo.