Gitaa nimechonga mwenyewe, sa nafunga pikapu gani?

RandaNaSolo (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Mi ni seremala wa makabati na milango hapa Pasua, ila gitaa ndo ugonjwa wangu, napiga solo kwenye kwaya. Mwaka huu nimechonga la kwangu, mwili ni mringaringa uliobaki kwenye kazi, shingo mninga, ubao wa freti mpingo. Limekaa vizuri mkononi, limebaki umeme tu, yaani pikapu, vile vifaa vya sumaku na koili vinavyonasa sauti ya nyuzi. Kuna jamaa ananiuzia hambaka (pikapu za koili mbili) mbili mpya, kazipima mbele yangu zikasoma kilo-omu 15, anasema hizo ndo zenye nguvu kuliko zote. Nyumbani nina singo koili (pikapu za koili moja) mbili za gitaa la zamani lililovunjika shingo. Sa mi napiga sebene, na gitaa la kuazima ninalotumia sasa linanguruma balaa mpaka jamaa wa mitambo ananipunguza kila ibada. Singo koili naogopa mngurumo, hambaka naogopa kupoteza ile sauti ya kengele. Nichukue zipi, na nizikalishe wapi, maana sijatoboa shimo hata moja?

RisasiNaWaya (Arusha, Ngarenaro)
Chalii yangu umefanya la maana kuuliza kabla ya kushika patasi. Hiyo 15 sio nguvu, ni ukinzani wa waya. Waya umezungushwa mizunguko mingi, kwa hiyo kweli sauti inatoka kubwa, ila kadri mizunguko inavyozidi ndo zile sauti za juu zinavyofifia, na mtu wa sebene anaishi huko juu, kila noti inabidi idondoke peke yake kama punje. Hizo kilo-omu 15 waachie wanaopiga gitaa la kukwaruza.

Hambaka ni koili mbili zilizozungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo mngurumo wa umeme ukiingia kote kuwili unajiua wenyewe, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Seth Lover wa Gibson ndo aliitengeneza mwaka 1955 kwa shida hiyohiyo unayoilalamikia. Umeme wetu unayumba mara 50 kwa sekunde, ni karibu kabisa na G ya chini sana, ndo maana saa ingine unaona kama gitaa linaimba noti yake.

Mimi ningefanya hivi: kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, weka hambaka ya sumaku ya Alnico 5 inayosoma kilo-omu 7.5 mpaka 8.5, iwe na waya nne ili uweze kuikata koili moja kwa swichi, shingoni weka hiyo singo koili yako kama bado nzima. Potenshia (vile virungu vya sauti na toni) tumia za kilo-omu 500, singo koili itachangamka zaidi ya kawaida yake maana yenyewe imezoea 250, ila utaipoza kwa toni. Kapasita ya toni iwe mikrofaradi 0.022.

DadaBesi (Arusha, Njiro)
Kaka hongera sana, mringaringa kwetu tunaujua wa mizinga tu. Ila mi nakataa uende kununua kabla hujajua mngurumo wa sasa unatoka wapi. Besi yangu iliwahi kunguruma mwaka mzima, fundi mmoja akanibadilishia pikapu zote mbili na hela nikalipa, kumbe waya wa kwenda kwenye daraja ulikuwa umekatika chini kule ndani, waya mmoja! Hebu shika nyuzi kwa kiganja huku ampu imewaka. Mngurumo ukipungua, waya wa daraja uko sawa na hizo ni kelele za hewani, dawa yake ni kutandika foili ndani ya shimo la pikapu. Usipobadilika kabisa, hapo waya wa daraja umeachia. Ukizidi ukishika, kuna mtu kageuza waya kwenye jeki, lile tundu la kuchomeka kebo ya gitaa.

Na hili nalisema kwa uchungu kabisa, angalieni ethi ya soketi mnayochomeka ampu. Nyuzi zimeungwa na ethi ya ampu, maiki inatoka kwenye mikisa iliyochomekwa soketi nyingine, mwimbaji anashika gitaa anasogeza mdomo anapigwa shoti ya midomo. Nimeona kwa macho yangu mtoto wa watu akidondoka. Gusisha testa kati ya nyuzi na maiki kabla ya ibada.

RandaNaSolo (Moshi)
Asanteni sana. Nimeshika nyuzi, haubadiliki kabisa! Kwa hiyo la kuazima ni waya wa daraja, leo nalifungua. Nimepima pia singo koili zangu, moja inasoma 5.9, nyingine mita haisomi kitu.

MzeeWaSkeli (Arusha, Kijenge)
Hiyo isiyosoma usiitupe mwanangu. Waya wake una unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele, na mara nyingi unakatika palepale unapoungana na waya mnene. Tafuta ncha kwa lenzi, ikwangue taratibu, gusisha risasi ya kulehemu.

Kuhusu kutoboa: usichore kwa vipimo vya mtandaoni, subiri pikapu iwe mkononi. Vuta uzi wa kwanza na wa sita kutoka nati (kile kipande cha mwanzo wa shingo nyuzi zinapopita) mpaka daraja, pikapu iweke chini yake uone kama vinundu vyake vya sumaku vinakaa chini ya nyuzi. Madaraja ya mtindo wa Fender upana wa nyuzi ni milimita 52 mpaka 56, ya Gibson karibu 50, ukikosea uzi wa nje unasikika mdogo. Ya daraja ikae kama sentimita 4 kutoka kwenye daraja. Ya shingo wengi wanaiweka robo ya skeli (urefu wa uzi toka nati mpaka daraja), skeli ya milimita 648 ni 162 kutoka darajani, lakini ukishabonyeza freti hesabu yote inahama, usikeshe nayo. Nafasi kati ya pikapu na uzi ndo usiidharau: bonyeza freti ya mwisho, hambaka iache milimita 1.6 mpaka 2, singo koili 2.4 upande wa besi na 2 upande mwembamba. Ukiisogeza zaidi sumaku inavuta uzi na freti za juu zinapiga sauti iliyopinda.

Foili ya jikoni inafaa ila risasi haishiki alumini, funga kwa skrubu na pete ya waya. Mgongo wa potenshia upige msasa kwanza, pasi ya kulehemu iwe ya wati 40, na ile asidi ya mafundi wa bati isiguse gitaa.

RandaNaSolo (Moshi)
Shikamoo mzee. Swali la mwisho, nikichanganya hambaka na singo koili nitajuaje hazipingani?

RisasiNaWaya (Arusha, Ngarenaro)
Mita ya mshale ni bora. Unganisha pikapu, gusisha bisibisi kwenye vinundu kisha ivute haraka, mshale utaruka upande mmoja. Fanya na ya pili, zikiruka tofauti geuza waya za moja. Usipofanya hivyo zikiwaka pamoja sauti inakuwa nyembamba kama ya simu.

RandaNaSolo (Moshi)
Nimerudi. Waya wa daraja ulikuwa umelala tu haujashika kitu, nimeuunga na la kuazima limetulia. Ile singo koili iliyokufa sasa inasoma 6.1! Zote mbili zimeruka upande mmoja. Za 15 nimemrudishia jamaa, natafuta ya 8, mwenye nayo Moshi au Arusha anistue.