Muziki wa okestra wa muvi za fantasia: Shore, Williams au Poledouris, nianze na upi?

SikioPembeni
Wakuu habari zenu. Nataka kuanza kusikiliza muziki wa okestra wa muvi za fantasia kama albamu, yaani bila picha, hedifoni masikioni basi. Nimechuja nikabaki na tatu: The Fellowship of the Ring (Lord of the Rings ya kwanza) ya Howard Shore, Harry Potter ya kwanza ya John Williams, na Conan the Barbarian ya 1982 ya Basil Poledouris. Muvi zote nishaziona ila muziki sikuutilia maanani. Upi unasimama wenyewe? Na kwa Shore nichukue albamu ya 2001 au ile ndefu iliyokuja baadaye?

Zumari
Shore tu mkuu, huu mjadala ulishafungwa zamani. Jamaa kila taifa mle ndani kalipa muziki wake na vyombo vyake, hobiti wana filimbi na fidla, kule migodini Moria kuna kwaya ya wanaume sauti za chini kabisa wanaimba lugha ya mbilikimo aliyoibuni Tolkien mwenyewe, mwandishi wa kitabu, afu Isengard, ngome ya yule mchawi mwovu, sasa ndo balaa. Sikiliza vile vyuma vinavyogongwa nyuma ya tarumbeta, hesabu kwa mguu: moja mbili tatu nne TANO. Mapigo matano, siyo manne uliyozoea, kwa hiyo mguu wako unataka kuanza upya na yenyewe bado inadai pigo moja, ndo maana unakosa raha hata kama hujui kwa nini. Ukishaishika hiyo biti hata picha huitaki.

Bi_Noti
Umefungwa na nani kaka? Maana mimi sikuwepo 😂
Oscar ya muziki kwa muvi za 2001 Shore na Harry Potter ya Williams zilishindanishwa na Shore akachukua, sawa, hongera zake, ila tuzo haisikilizwi. Mtu anayeanza mpe Williams. Ile tuni ya Hedwig, bundi wa Harry, inaanza na selesta peke yake, chombo chenye kibodi kama piano ila nyundo zake zinagonga vibao vya chuma, ndo maana inalia kama vikengele. Tchaikovsky aliitumia kwa malaika wa peremende kwenye Nutcracker 1892 na tangu hapo ukiisikia tu unajua kuna uchawi. Noti chache tu na ushaingia. Halafu zinakuja violini zinakimbia juu chini bila kupumua, hapo ndo utajua wapigaji wa okestra wanakula kwa jasho. Shore atakuweka nusu saa ndo uanze kuelewa anajenga nini.

Zumari
Dada hiyo tuni sibishi. Nabisha albamu nzima. Williams anaifuata picha hatua kwa hatua, mtu akijikwaa muziki unajikwaa, fagio likipaa muziki unapaa, kwa mwenye picha mbele ni raha tupu ila jamaa kasema bila picha! Shore ukitoa picha bado kuna mwendo. Yule mchawi mzee Gandalf anapoanguka pale darajani zile ngoma zote zinakata zinabaki sauti za kuimba tu, funga macho uone kama utahitaji kuambiwa kilichotokea.

Ngoma_Nzito
Naona wawili mnagombania kiti wakati mwenye kiti yupo. CONAN. Mle ndani watu hawaongei sana, muongozaji John Milius aliuachia muziki ubebe hadithi, kwa hiyo Poledouris hakuwa anajificha chini ya maneno ya waigizaji kama hao wenzake. Unabonyeza tu zinakuja ngoma na pembe za shaba, nyingi, zote kwa mpigo, hakuna salamu. Na siyo fujo tupu, kuna vipande vya mapenzi vya taratibu kabisa ambavyo watu huwa wanaviruka, msiviruke. Kasoro yake muvi ilitoka na sauti ya mono, yaani njia moja tu ya sauti, kwa hiyo kama uliusikia kwenye muvi tu basi hujausikia bado, tafuta albamu.

MzeeWaKanda
Vijana mmepiga kelele swali la mwisho hamjajibu. Albamu ya 2001 ni diski moja, saa moja na ushee, imepangwa isikilizike, na wimbo wa mwimbaji Enya umo. Ile ndefu ya 2005 ni diski tatu, kama saa tatu, muziki wa toleo refu la muvi kwa mpangilio wa matukio. Humo unaona ile tuni ya wasafiri inavyoanza vipandevipande, inatimia wakishakuwa tisa, inavunjika tena wakipungua. Ni tamu, ila kuna dakika nyingi za violini kunong'ona tu na mgeni atasinzia. Anza na ya 2001. Ukijikuta unaimba Isengard jikoni, nenda ndefu.

SikioPembeni
Shukrani mzee. Nimeanza na Conan, Bi_Noti usininunie, Williams ni wa kesho. Ngoma_Nzito ile kwaya kwenye kipande cha wapanda farasi wanaimba lugha gani? Nimerudia rudia siambulii neno.

Ngoma_Nzito
Kilatini mkuu. Ongeza sauti.

Bi_Noti
Nimeshanuna.