Tambi za kukaanga Singapore: foleni ndefu, na sisi tusiokula nguruwe

MtotoWaPwani:
Wadau, asalaam aleikum. Mwezi ujao kazini wananipeleka Singapore kwa mafunzo. Chakula cha hoteli sikitaki. Nataka kula wanakokula wenyeji, kwenye yale mabanda makubwa yenye wapishi wengi chini ya paa moja, na hasa tambi zinazokaangwa kwenye karai juu ya moto mkali. Naomba msaada kwa mambo mawili. Mimi ni Mwislamu, na nasikia wapishi wengi hukaangia mafuta ya nguruwe. Nitajuaje? Halafu foleni. Mapumziko yetu ya mchana ni saa moja tu, na kila picha ninayoiona watu wamejipanga hadi njiani. Nisimame, niende kibanda kisicho na watu, au ninunue nikalie chumbani jioni?

BahariaMstaafu:
Waaleikum salaam, mwanangu. Singapore meli zetu zilikuwa zinatia nanga mara kwa mara, na kila niliporuhusiwa kushuka nilikwenda kula tambi. Kwa hiyo hili nalijua.

Tuanze na nguruwe. Kule tambi za kukaanga ni vyakula vingi tofauti. Char kway teow ni tambi bapa za mchele, nyeusi kwa sosi ya soya, ndani yake mna yai, kombe wa baharini, choroko zilizochipua na soseji ya Kichina. Kwa Wachina soseji hiyo ni ya nguruwe, na mafuta ya kukaangia mara nyingi ni yake pia. Hokkien mee ni nyeupe, ina kamba na ngisi, ukiitazama utadhani ni vitu vya baharini tu. Supu inayomiminwa ndani yake huchemshwa kwa vichwa vya kamba pamoja na mifupa ya nguruwe. Hiyo ndiyo inayowapata wengi wetu, kwa sababu jicho halioni kitu.

Chakula chako ni mee goreng ya Wahindi Waislamu. Tambi za ngano za manjano, zinakuwa nyekundu kwa pilipili na nyanya, zina viazi, yai, na kuku au nyama ya mbuzi ukitaka. Wapishi wa Kimalay nao hukaanga char kway teow isiyo na soseji wala mafuta hayo, na ni tamu kwelikweli. Nenda soko la Geylang Serai, ghorofa ya juu, au Tekka kule Little India, lakini Tekka chagua kibanda kwa makini maana dini zote ziko pale. Tafuta cheti cha halali cha Muis, ndilo baraza la Kiislamu la nchi ile. Kibao kinachosema tu kwamba hapa hakuna nguruwe wala mafuta yake hakikutoshi: hakikuambii kuku alichinjwaje.

Sasa foleni, na hapa nataka unisikilize sana. Mpishi anayeijua kazi yake hakaangi sahani kumi kwa mkupuo. Karai lazima liwe limepita nyuzi joto 200 ndipo tambi ziungue kidogo kingoni na kutoa ile harufu ya moshi. Ukijaza vitu vingi, joto linashuka, maji yanatoka kwenye choroko na tambi, na badala ya kukaangika zinachemka. Basi anakaanga sahani moja, mbili, tatu, anapakua, anaanza upya. Simama pembeni umtazame: kitunguu saumu kwenye mafuta, tambi, sosi anaimwaga ukingoni mwa karai iungue kabla haijagusa chakula, anasukuma kila kitu kando, anavunja yai, na choroko zinaingia mwisho kabisa ili zibaki mbichi kidogo. Foleni inatokana na ukaangaji huo. Kibanda kisicho na mtu, na mlima wa tambi umeshakaangwa unasubiri kwenye trei, kipite.

Kubeba hotelini usifikirie. Ukifunika chombo, mvuke unarudi kwenye tambi zinalainika, na zikipoa zile za mchele zinashikana kuwa donge. Harufu ya moshi nayo haingoji. Hicho ni chakula cha kuliwa palepale, sahani bado inaunguza vidole.

Fika saa tano asubuhi au baada ya saa nane mchana. Kati ya saa sita na saa saba maofisi yote yanashuka kula.

KaziNaSafari:
Naungana na mzee, ila foleni peke yake si kipimo. Nyingine ni za watalii waliosoma sehemu moja wote. Tazama nani amesimama. Ukiona watu wenye vitambulisho vya kazi shingoni na wazee wenye mifuko ya sokoni, jipange. Pia soma orodha ya vyakula. Wapishi wale asili yao ni barabarani. Serikali ilianza kuwaingiza kwenye mabanda yenye maji ya bomba, wengi wao miaka ya 1970, na kibanda kingi hadi leo kinapika kitu kimoja au viwili tu. Utamaduni huo UNESCO iliuweka kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2020. Kibanda chenye picha thelathini ukutani mimi sikiamini.

Na ukiona pakiti ya tishu juu ya meza, usikae, mwenyewe yuko kwenye foleni. Ukimaliza, rudisha trei na uchafu wako. Tangu 2021 ni sheria: kwanza wanakuonya kwa maandishi, ukirudia ni faini. Sehemu ya kurudishia vyombo vya halali mara nyingi iko peke yake, usichanganye.

NesiWaZamu:
Mdogo wangu, niongeze la kombe, kwa sababu hakuna aliyeligusa. Wapishi wengi huwaweka dakika ya mwisho wabaki nusu wabichi, na wapenzi wa char kway teow ndivyo wanavyowataka. Kombe huchuja maji ya bahari, na kama maji yana virusi vya homa ya ini aina ya A, vinabaki ndani yao. Shanghai mwaka 1988 watu wapatao 300,000 waliugua homa hiyo, na chanzo kilikuwa kombe walioliwa bila kuiva vizuri. Sikutishi. Waambie wasikuwekee, au waulize kama wanaweza kuwaivisha kabisa. Kibanda chenye wateja wengi kina faida hapa pia: vitu havikai. Tambi zilizopikwa zikakaa saa nyingi kwenye joto lile huota vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukizipasha moto tena. Na kama kamba wanakudhuru, uliza kila mara, hata sahani isiyo na kamba, maana karai ni lilelile.

MtotoWaPwani:
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Mkufunzi amekubali nitoke mapema Ijumaa, kwa hiyo Geylang Serai nitakwenda baada ya swala. Moja la mwisho: pilipili zao zikoje, na nichukue pesa kiasi gani?

BahariaMstaafu:
Marahaba. Pilipili ni kali, na kwenye mee goreng imeshakaangwa ndani, huwezi kuitoa. Kibanda cha Kimalay sema "kurang pedas" wakati unaagiza, watapunguza. Kama kuna ndimu ndogo ya kijani pembeni ya sahani, ikamue yote, mafuta yanakuwa mepesi mdomoni. Dola 10 za Singapore zinakutosha kwa sahani na kinywaji. Shika noti ndogondogo, wako wazee wasiopokea kadi. Kinywaji kinauzwa kibanda kingine, kwa hiyo kakinunue kabla tambi hazijatoka. Zikishatoka, kaa ule.