Nasra na swali la mseto

Nasra: Shikamooni nyote. Mwalimu ametupa swali: eleza neno "mseto" katika siasa na asili yake. Si ndio muungano huohuo?

Mjomba Hamadi: Marahaba mwanangu. Hapana. Vyama vikishikana kabla ya kura, huo ni muungano, kama hapa Kenya: NARC 2002, Jubilee na CORD 2013, Azimio na Kenya Kwanza 2022. Mseto ni kuingia serikalini pamoja, mara nyingi watu waliokuwa wakipingana vikali.

Mama Mdogo Maryam: Na huku Unguja ukitamka Muungano, mtu anaelewa Tanganyika na Zanzibar, 26 Aprili 1964. Ya vyama sisi twaita mseto.

Nasra: Na asili yake?

Bibi: Chakula, mjukuu wangu. Choroko huchemshwa kwanza mpaka zipasuke, ndipo watia mchele na tui. Vikiiva unaviseta kwa mwiko, yaani unavipondaponda mpaka vishikane.

Mjomba Hamadi: Ahsante Mama. Sasa Nasra, hapa Kenya tulisetwa baada ya damu kumwagika. Watu zaidi ya 1,100 walikufa baada ya uchaguzi wa 2007. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, akawakalisha Rais Kibaki na mpinzani wake Raila, wakatia saini ya kugawana serikali 28 Februari 2008. Raila akawa Waziri Mkuu.

Mama Mdogo Maryam: Sisi Zanzibar tuliulizwa kwanza. Kura ya maoni, 31 Julai 2010, asilimia 66.4 walisema ndiyo. Jina rasmi ni Serikali ya Umoja wa Kitaifa, lakini barazani ni mseto tu. Maalim Seif, kiongozi wa chama cha upinzani CUF, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kaka Hamadi, wewe hukuwepo. Baada ya mauaji ya waandamanaji wa upinzani Januari 2001 watu wa mtaa mmoja walisusiana hata maziko! Neno hili mimi nalipenda kwa moyo wote.

Idi: Shikamoo Mama Mdogo. Ila kwetu Kenya mseto ulituacha bila upinzani rasmi bungeni. Serikali nani aiulize?

Mjomba Hamadi: Kweli Idi, na hilo lilituumiza. Lakini mseto huohuo ndio uliotupa katiba ya 27 Agosti 2010, tuliyoisubiri miaka na miaka.

Idi: Hapo nakubali. Na katiba hiyo ikaondoa cheo cha Waziri Mkuu, mseto ukaisha na uchaguzi wa Machi 2013. Nasra, andika na hilo.