Naomba ushauri: nimweleze vipi Lane Frost kwa msomaji wa Kiswahili?

Ndugu zangu, ninaandaa makala kuhusu Lane Frost, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kupanda mafahali mwaka 1987, nami nimekwama mahali pawili.

Kwanza ni jina la mchezo wenyewe. Nikiandika "mchezo wa ng'ombe", msomaji atafikiria Pemba, ambako fahali huchezewa wala hapandwi, ilhali katika rodeo, yaani mashindano ya wachunga ng'ombe wa Marekani, mpandaji hushika kamba kwa mkono mmoja, haruhusiwi kumgusa mnyama kwa mkono wa pili, na hana budi kudumu mgongoni kwa sekunde 8 ndipo apewe alama, ambazo nusu yake ni za fahali kwa ukali wa kuruka kwake (haki iliyoje!). Je, "kupanda fahali" yatosha, au mna neno bora zaidi?

Pili, sijui nianzie wapi. Mwaka 1988 Frost alipambana mara 7 na Red Rock, fahali ambaye kabla yake hakuna aliyewahi kudumu mgongoni mwake katika mashindano, na Frost akafaulu mara 4. Lakini tarehe 30 Julai 1989, huko Cheyenne, Wyoming, alimaliza sekunde zake salama, akashuka, kisha fahali akamgonga kwa pembe; aliinuka, akapunga mkono kuomba msaada, akaanguka. Alikuwa na miaka 25.

Nikitanguliza kifo, nahofia Red Rock atasomwa kama kiporo. Mliozoea kuandika wasifu, mngeanzia wapi?