Nimenyimwa kadi ya mkopo ya pointi, nawezaje kuwafanya benki waangalie upya maombi yangu?

Nahodha
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mliopo huku Marekani na mnaozijua vizuri hizi kadi za mkopo. Niliomba kadi ya pointi, zile ambazo ukitumia kiasi walichopanga ndani ya miezi mitatu ya mwanzo unapewa bonasi unakatia tiketi ya ndege, na mimi bonasi hiyo nilishaipigia hesabu maana nataka kumleta mama aje awaone wajukuu. Nikajaza kila kitu mtandaoni, jibu likaja "tutakujulisha", baadae barua inasema maombi hayajakubaliwa.

Kinachoniuma ni kwamba skoa yangu (alama za kuaminika kwenye mikopo) ni 742, sijawahi kuchelewesha malipo, na benki hiyo hiyo nina kadi yao nyingine ya siku nyingi yenye limiti ya dola 14,000 ambayo hata robo siifikii. Barua imetaja sababu mbili. Ya kwanza wanasema mkopo walionipa tayari unatosha kwa kipato changu, ya pili nina akaunti iliyofunguliwa karibuni (hiyo ni mkopo wa gari). Nasikia kuna watu wanapiga simu na uamuzi unabadilishwa, ni kweli au maneno ya mtaani? Na nikipiga niseme nini, sitaki kwenda kulialia kama mtu anaeomba sadaka. Au nikaombe benki nyingine tu?

Kipanga
Pole mkuu. Mi ningekua wewe ningeachana nao, benki ziko nyingi, omba kwingine leo leo wakikataa omba kwingine tena, mmoja atakubali tu.

Mzee wa Hesabu
Kipanga sikuvunjii heshima ila kwa hili hapana. Kila ukiomba kadi, benki inavuta ripoti yako ya historia ya mikopo na alama ya kuvutwa inakaa pale miaka 2, FICO, kampuni inayotengeneza hizo skoa, wanaihesabu kwenye skoa kwa miezi 12 ya kwanza. Ukiomba huku na huku ndani ya wiki moja unaonekana mtu mwenye shida ya hela, na ule mkopo wa gari bado utakufuata huko huko. Kwahiyo Nahodha simu kwanza, kwingine baadae.

Na ndio, ni kweli kabisa uamuzi unabadilishwa. Benki kubwa zina watu ambao kazi yao ni kupitia upya maombi yaliyokataliwa, wana uwezo wa kuona vitu ambavyo kompyuta haikuvipa uzito. Hakuna sheria inayowalazimisha wakukubalie, hilo ujue, ila sheria inawalazimisha wakwambie kwanini wamekataa. Tangu siku maombi yako yamekamilika wana siku 30 za kukujibu, na kama barua ingekuja bila sababu una siku 60 za kuzidai. Wewe umeshazipata, basi mazungumzo yako yote yawe kwenye hizo mbili tu. Usianze kueleza maisha.

Sasa tazama hiyo sababu ya kwanza vizuri mkuu maana hapo ndipo mlango ulipo. Hawajasema hulipi wala hawajasema hawakuamini. Kila benki ina jumla ya mkopo ambayo iko tayari kumpa mtu mmoja kwenye kadi zake zote, na wewe kadi yako ya zamani imeshaibeba yote, 14,000 imekaa tu huitumii. Kwahiyo usiwaombe wakuongezee kitu, waombe wahamishe. Mwambie hivi: "Naona mmesema mkopo nilionao kwenu unatosha, mimi sihitaji zaidi ya huo, naomba sehemu ya limiti ya kadi yangu ya zamani ihamie kwenye hii mpya." Ukisema hivyo hatari ya benki inabaki pale pale, ofisa hana sababu kubwa ya kukukatalia. Ila kabla hajaanza muulize kama atavuta ripoti upya. Kwa maombi ya karibuni mara nyingi wanatumia ile ile, lakini wewe uliza.

Mama Abla
Kaka Nahodha naongezea kwenye kipato. Kama umeshatimiza miaka 21 sheria ya huku inaruhusu kuandika na kipato ambacho sio mshahara wako ila unakifikia kihalali, mfano mshahara wa mke wako unaoingia kwenye akaunti yenu ya pamoja. Wengi wanaandika wa kwao tu afu wanaonekana wadogo. Kama ni hali yako mwambie ofisa arekebishe. Lakini usiongeze hata dola moja ambayo haipo, kudanganya benki kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai la shirikisho, na sisi wengine bado tuna makaratasi ya uhamiaji yanashughulikiwa, usijiingize huko.

Halafu barua inakutajia ofisi iliyotoa ripoti, iwe Equifax, Experian au TransUnion. Una siku 60 za kuwaomba nakala bure. Ichukue uisome kabla ya kupiga.

Tumaini K
Na muangalie kama ripoti mmezifunga, yani benki haiwezi kuzisoma mpaka mzifungue! Watu wengi walifunga baada ya Equifax kuvamiwa na wadukuzi 2017 wakasahau. Mimi niliandikiwa "hatukuweza kupata ripoti yako", nikaifungua kwa simu, kisheria wana saa moja tu ya kufungua na ni bure, nikawapigia benki wakavuta, nikapata kadi siku hiyo hiyo.

Kipanga
Mzee nimekuelewa, hiyo ya kuhamisha limiti nilikua siijui. Je wakikataa tena?

Mzee wa Hesabu
Unashukuru unakata simu, siku nyingine unaongea na ofisa mwingine, mmoja hivi mwingine vile. Isipokua zile sababu za kanuni. Mfano benki ya Chase, inajulikana ukishafungua kadi 5 au zaidi kwa benki yoyote ndani ya miezi 24 hawakupi, hapo kupiga simu ni kuchoka bure. Labda kama baadhi ni kadi za mtu mwingine, wewe umeongezwa tu kama mtumiaji, hizo unaweza kuwaomba wasizihesabu.

Nahodha
Wakuu nimerudi na majibu. Ripoti niliisoma kwanza, haikua na kosa. Nikapiga, akapokea dada mmoja mtaratibu, nikamwambia yale maneno ya Mzee karibu kama yalivyo. Kwanza akaniuliza kwanini naitaka hii wakati nina nyingine, nikasema ukweli, nasafirisha familia na ile ya zamani haina pointi za ndege. Akaniuliza gari nalipa kiasi gani kwa mwezi, na kama nina mpango wa kukopa kitu kingine karibuni, nikajibu hapana. Pale pa kuhamisha limiti akanyamaza, nasikia anabonyeza tu, akaniweka kwenye muziki. Aliporudi anasema kadi hii inaanzia 5,000, je niko tayari ya zamani ibaki 9,000? Nikamwambia hata sasa hivi. Imekubaliwa, na ripoti hawakuvuta tena. Mama Abla ya kipato haikuhitajika ila nimeiandika sehemu, asante sana dada yangu.

Swali la mwisho, ile miezi mitatu ya bonasi inaanza kuhesabiwa kadi ikinifikia mkononi?

Mzee wa Hesabu
Hongera sana! Hapana mkuu, kadi nyingi zinahesabu tangu siku akaunti imefunguliwa, yani siku uliyoongea na huyo dada. Watumie ujumbe kwenye akaunti yako wakujibu kwa maandishi tarehe ya mwisho ni ipi, na ulipe matumizi ya kawaida tu, usinunue vitu usivyohitaji kwa ajili ya bonasi. Msalimie mama akifika.