Mjadala: Makaburi ya kale na vigango vya Kilifi, kaunti isajili au tuyaache kimya?

Wenzangu wa Kilifi na wengine wa pwani, nauliza hivi: kaunti ipite kila wadi ikiandika makaburi ya zamani na vigango (zile nguzo za mbao za kuchongwa ambazo sisi Wamijikenda tunasimika kuwakumbuka wazee waliokufa), au tuache kama ilivyo? Mimi nasema isajili, tena haraka.

Wanaopinga wanasema ukiviandika umemuonyesha mwizi njia. Hoja hii ni nzito kwa hivyo naanza nayo. Kigango hakihamishwi, mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, akishachongewa chake kikasimikwa basi hapo ndipo pake, familia ikihama watu wanabeba mbuzi na vyungu lakini vigango vinabaki kwenye mahame, na mwizi anachotaka ni hayo mahame yasiyo na mtu. Usiku mmoja tu mzee ameng'olewa, maana kwetu kigango ndicho mzee mwenyewe, baadaye yuko Marekani sebuleni kwa tajiri anaitwa sanaa. Na tusifichane, vingine vimeuzwa na wajukuu wenyewe. Sasa huu wizi umefanyika miaka yote hiyo bila rejista yoyote, kimya kimelinda nini?

Angalieni vile viwili vya Wagiriama vilivyoibiwa 1985. Vilirudi nyumbani 2007 kwa sababu mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenye boma kando ya vigango vyake kabla havijachukuliwa, miaka ikapita akaja kuvitambua, kimoja kwenye makumbusho kule Illinois, kingine chuo kikuu kule Virginia. Picha ile ndiyo iliyovirudisha! Halafu linganisheni na vile 30 ambavyo makumbusho ya Denver iliamua kuvirudisha 2014, havikujulikana vimetoka boma gani, kwa hivyo vikapewa Makumbusho ya Taifa badala ya familia. Inauma sana, babu wa mtu amerudi Kenya na hana pa kwenda.

Ndiyo maana nataka picha na mahali viandikwe, lakini si kwa kurusha kwenye tovuti. Nakala moja ikae kwa wazee, moja kwa makumbusho, basi.

Makaburi ya mawe nayo. Lile la mnara la Mambrui lenye mabakuli ya Kichina watu wanalijua, la Gede lenye tarehe ya mwaka 1399 linajulikana, na Gede yenyewe, ule mji wa kale, imeingia urithi wa dunia 2024. Hayo yana wenyewe. Shida ni yale ya shambani yaliyomezwa na vichaka, broka anauza ploti, tingatinga linaingia, mawe yanaenda kuwa msingi wa nyumba ya mtu na hakuna hata wa kuuliza. Ukilalamika unaambiwa halijatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema wazi: mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, makaburi ni kazi ya kaunti. Imeyaweka chini ya afya, pamoja na kuzoa taka, na nadhani ndiyo maana wakubwa wanafikiria mochari tu. Hata hivyo kazi ni yao, wasisubiri Nairobi.

Wapo ndugu zangu Waislamu wanaosema kujengea kaburi hakufai kwa hivyo yaachwe yaporomoke. Sijasema tupake rangi wala tuabudu. Dini hiyohiyo imekataza hata kukalia kaburi, sembuse kulipitishia tingatinga. Na anayesema ardhi ni ya walio hai namuelewa, huku watu wamekaa vizazi bila hati, ila kaburi linachukua hatua chache tu, mpima ardhi analizungushia bikoni, shamba lililobaki mtu analima.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Kilifi hii wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba linatakwa. Ukimwandika mzee fulani kuwa ndiye mwangalizi wa vigango umemlinda au umemuweka hatarini? Mimi naona rejista iandike boma na ukoo, jina la mzee lisitajwe, na wazee wa kaya, wale walinzi wa misitu yetu mitakatifu, wachague wenyewe wa kushika ile nakala. Lakini wengine watasema bila jina hakuna wa kuwajibika. Mlio na wazee nyumbani, nyinyi mngekubali ipi?